Jino la Gia ya Pili

Kilwa Masoko,
Jumapili, baada ya alasiri.

Mwanangu Somoe,

Asalaam alaykum. Hapa panapofuata huwa tunaandika kwamba hali yangu ni salama, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Leo naomba tuparuke. Wewe mbali hujafika bado. Uko Kivinje unaaga watu, umevaa dera langu la zambarau bila kuniomba. Na hilo neno salama nina ugomvi nalo. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani na karatasi badala ya kukungoja urudi nikuambie kwa mdomo. Mdomo wangu naujua. Ukirudi ukaniuliza, "Mama, vipi?" utajibu wenyewe kabla sijauzuia.

Sitakuandikia habari za sweta na viatu vya kufunika. Shangazi yako wa Rasbura ameshakupa maelekezo yote ya Iringa, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Rufiji. Mambo ya mwili na ya adabu alishakufunda somo yako. Ya ng'ombe utafundishwa huko huko chuoni. Najua wanakucheka mtaani, kwamba mtoto wa Kilwa, ukoo mzima wamekula samaki, leo anakwenda kusomea mifugo. Waache wacheke. Tangu wafugaji waingie na makundi yao huku kwetu kila mtu ana maneno kuhusu ng'ombe, na hakuna hata mmoja anayejua ng'ombe akilala chini haamki anaumwa nini. Siku moja watakuja wenyewe kugonga mlango wetu wakikuulizia.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kipande cha chuma. Kipo hapa mbele yangu, nimekiweka juu ya karatasi isipeperushwe na upepo. Kadiri ya ukucha wa kidole kidogo, cheusi, upande mmoja chembamba. Unakijua. Sasa na wewe unajua kwamba mimi nakijua, kwa hiyo tumalize kufichana.

Alhamisi ulisema unataka kuniachia gari likiwa safi. Ukabadilisha oili ya injini, kisha ukasema bado ya giaboksi. Nikakuambia hiyo achana nayo, ilibadilishwa juzi juzi. Ukacheka, "Juzi juzi ya lini, Mama? Ya Baba akiwa hai?" Ukatandika gunia, ukajilaza chini ya pikapu, ikabaki miguu tu inaonekana, na oili ukaikingia kwa beseni langu la kuoshea vyombo. Hilo beseni usidhani nimelisahau.

Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia nati imeachia, oili ikatiririka, halafu kimya. Nikakuona unatoka, unatafuta waya, unafunga kwenye ncha yake kile kipande cha sumaku ya spika ya redio iliyokufa, unarudi tena chini kuchokonoa. Nikaiacha nazi nikaja mlangoni.

"Vipi huko?"

"Salama, Mama."

"Oili ilikuwaje?"

"Nyeusi tu. Salama."

Ukanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka nikadhani utajichubua. Ukakaa juu ya lile tairi bovu, ukawa unaliangalia gari kama watu wanavyomwangalia mgonjwa wakidhani yeye hawaoni. Mchana hukumaliza chakula, na samaki alikuwa changu.

Kesho yake asubuhi nilichukua nguo zako nizifue. Nikakung'uta mifuko ya suruali ya kazi, kikanidondokea mkononi kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya chooni. Nilikijua pale pale. Sikuwa nimewahi kukiona, lakini nilikijua, kwa sababu kipande hicho nilikivunja mimi.

Hadithi ya Likawage wewe umehadithiwa kwa ufupi, kwamba uliumwa degedege ukiwa mdogo, na mama akaendesha gari. Ufupi ule ulikuwa wa baba yako. Alikuwa hapendi kuyarudia. Ngoja nikupe urefu wake.

Tulikuwa tunaishi Likawage miaka ile, baba yako akinunua ufuta kwa wakulima na kuushusha huku pwani. Wewe hujaanza hata chekechea. Ilikuwa masika na barabara imeoza, kwa hiyo baba yako alipopata habari ya msiba Liwale alikwenda kwa pikipiki ya watu, gari akaliacha uani kwa kuogopa tope. Siku hiyo hiyo ukaamka na homa. Ilipofika adhuhuri macho yako yalikuwa yamegeuka juu na mwili umekakamaa. Mganga wa zahanati akakuchoma sindano, akaniangalia usoni, akasema, "Huyu apelekwe Kivinje leo. Si kesho." Yule bwana nampenda mpaka sasa, kwa vile tu alivyosema leo, si kesho, bila kuzunguka.

Mimi gari nilikuwa najua kulipanda tu. Miaka yote nilikaa kiti cha pembeni, nikimwona baba yako akikanyaga huku na kuvuta kule, nikidhani nimeelewa. Nikachukua funguo kwenye msumari. Jirani yetu Mama Zaituni, mwanamke aliyekuwa analiogopa gari kama chatu, akakupakata akapanda nami. Hakuuliza kama najua kuendesha, na mimi sikumwambia.

Gia ya kwanza niliipata. Ya pili ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa sijui kwamba klachi inakanyagwa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa naigusa kwa ncha ya mguu kama mtu anayejaribu maji ya moto, kisha naisukuma gia kwa nguvu zangu zote. Mlio uliotoka humo ndani, Somoe, sijapata kuusikia tena. Mama Zaituni akapiga ukelele.

"We mwanamke! Unasaga nini humo?"

"Nasaga gari," nikamwambia. "Mshike mtoto."

Kila tulipokwama nilirudi gia ya kwanza, nikatoka, nikalazimisha ya pili, ikalia, ikaingia, ikachomoka. Nikalazimisha tena. Mwisho nikagundua kwamba nikiishikilia kwa mkono haitoki. Basi nikaishikilia. Mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye gia, na wewe uko pale pale kando ya mkono wangu wa kushoto, kwenye mapaja ya Mama Zaituni, kitenge kimeloa, na mimi siwezi kukugusa. Mara moja tu niliachia. Nilikushika mguu, nikaukuta wa moto na umekaza. Gia ikachomoka, gari likaanza kurudi nyuma kwenye mwinuko, nusura tuingie korongoni. Sikuachia tena mpaka tulipofika lami ya Nangurukuru, na hata pale hospitali Kivinje walipokupokea, vidole vyangu vilikuwa vimekunjika havitaki kunyooka.

Ulipona, ndiyo maana uko Kivinje leo unakula halua za watu. Baba yako alipofika hospitali, amejaa tope mpaka kwenye kope, alikuangalia wewe kwanza, kisha akalipeleka gari kwa Fundi Nassoro hapa Masoko. Fundi akamwaga oili ya giaboksi. Ikatoka na vipande vya chuma kama chenga za mchele. Akasema gia ya pili imevunjika jino, na kipande kikubwa kimebaki ndani, kimelala chini. Kukitoa ni kulifungua giaboksi lote, na akilifungua hana hakika ya kupata vya kurudishia. "Endesheni hivi hivi," alisema. "Mkiwa gia ya pili, mshikilie kwa mkono."

Nikakaa nikingoja baba yako anigombeze. Gari lile ndilo lilikuwa jembe letu na ndilo ghala letu. Akawa anacheka peke yake, akasema, "Jino moja tu? Mtoto wangu anayo kinywa kizima."

Basi ndiyo maana nyumba hii sote tunaendesha tukishikilia gia ya pili. Baba yako aliponifundisha kuendesha sawasawa, alinifundisha hivyo. Mimi nilipokufundisha wewe, nikakufundisha hivyo hivyo, ukakua ukijua kwamba magari yote duniani yako hivyo. Unakumbuka ulipokwenda Lindi kujaribiwa udereva kwa gari la watu? Yule afande akakuuliza, "Binti, mbona umeing'ang'ania gia, inakimbia?" Ukamjibu, "Nikiiachia si itatoka?" Akacheka mpaka akavua kofia. Ulirudi nyumbani umenuna, na mimi badala ya kukueleza nikacheka kumshinda afande. Ningekaa nikakueleza siku ile, Alhamisi usingepata ile hofu uliyoipata chini ya gari. Ungekivuta kipande ukaniita, "Mama, njoo uone jino lako!"

Sasa nakuja penye ubaya wangu, na huu si wa zamani. Ni wa juzi.

Ijumaa baada ya swala, shangazi yako akanipigia kutoka Rasbura. Unamjua, hana siri inayolala. Akaniambia, "Wifi, nimekula yamini sikwambii, kwa hiyo sikwambii. Nakuuliza tu. Hivi chuo kikisogeza mbele tarehe kinasogeza kwa wanafunzi wote, au kwa Somoe peke yake?" Nikamwacha aendelee kutokuniambia mpaka akaniambia yote. Kwamba umeona giaboksi linakufa. Kwamba umemwambia huwezi kuniacha na gari bovu, nikwame na mizigo ya watu huko porini peke yangu. Kwamba Jumatatu asubuhi, begi likiwa mlangoni, utanieleza kwamba umepigiwa simu na chuo, wameahirisha mpaka mwakani, na nisiwe na wasiwasi, ni salama.

Nilikata simu nikakaa kitandani na kile kipande mkononi. Unajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Naandika neno hilo na mkono unaniuma, lakini ndilo. Nilifurahi mpaka nikajikuta nawaza jioni nipike nini. Nilijua kipande ni cha zamani. Nilijua gari limekwenda nalo tumboni Kitomanga na Lindi na Nachingwea miaka yote hii, na halijawahi kutulaza njiani kwa ajili yake. Maneno mawili yangekufungulia njia, na nilikuwa nayo, na sikuyasema.

Jioni nikakuona dirishani unapekua ile suruali kwenye kamba. Ukaingia ndani.

"Mama, ulifua?"

"Nilifua."

"Hukukuta kitu?"

"Kitu gani?"

"Basi tu."

Tukala. Ukaniambia mchuzi mtamu, nikakuambia kula. Wewe unanificha ili usiniumize, na mimi nakuficha ili usiondoke, na tulivyokuwa tunapokezana bakuli la mchuzi, mtu angepita angesema nyumba ile ina raha.

Aliyenitoa humo ni bibi yako mzaa baba. Jumamosi asubuhi alipiga kutoka Kitomanga, kama anavyopiga kila Jumamosi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza hali, nikamwambia salama, Mama, Somoe anajiandaa. Akasema lile neno lake: "Salama ya kweli, au ya simu?"

Wewe huwa unamcheka kwa neno hilo. Unamwigiza mpaka sauti. Sijawahi kukuambia limetoka wapi, kwa sababu limetoka kwangu.

Baba yako alipolala kwa figo, ulikuwa bweni, na wewe tulikuficha kiasi, utanisamehe. Lakini bibi yako tulimficha kabisa. Alikuwa anapiga kila siku. "Mwanangu anaendeleaje?" Na baba yako pale kitandani ananikonyeza, ananong'ona, "Mwambie salama, presha yake itapanda." Nami nikawa namwambia, salama, Mama, leo amekula uji. Salama, Mama, leo amekaa barazani. Barazani alikuwa hajafika wiki nyingi. Kila nikisema niliona nimemtua mama wa watu mzigo. Niliona nina huruma. Ndivyo tulivyolelewa sote huku, Somoe: mtu akikuuliza habari, hata kama nyumba inawaka moto, kwanza unasema njema, na habari ya moto inafuata baadaye. Hakuna ubaya kama baadaye hiyo inakuja. Mimi niliisogeza mpaka haikuja.

Alfajiri ile baba yako alipotutoka, ndipo nilipompigia. Akapata gari la kuomba njiani, akafika hapa wanaume wakirudi kutoka makaburini wanakung'uta udongo mikononi. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akaugusa ule mto, akasema, "Ungeniambia, ningekuja nikamkuta anapumua." Basi. Hajarudia tena maneno yale mpaka leo, hajanisema kwa watu, na nikienda Kitomanga ananipikia kwa mkono wake. Ila kila nikimwambia salama ananiuliza, ya kweli au ya simu. Na ana haki ya kuuliza mpaka nife.

Kwa hiyo Jumamosi alipouliza, nikashindwa. Nikalia pale pale na simu sikioni. Nikamwambia, "Ya simu, Mama." Nikamweleza yote, kipande na furaha yangu. Nilidhani atanipoza. Bibi yako akasema, "Na mtoto anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Haya. Mimi nakwenda shambani kuokota korosho," akakata.

Nikachukua funguo nikaenda kwa Fundi Nassoro. Na hapa pia nitakuambia ya kweli: njiani nilikuwa naomba aseme kipande ni kipya. Akisema kipya, hutaondoka, na kosa si langu, ni la gari.

Fundi amezeeka, siku hizi anakaa tu kwenye kiti cha plastiki anaelekeza. Akakipokea, akakipitisha kwenye dole gumba, akakisogeza kwenye jua.

"Hiki nakifahamu," akasema. "Hiki si kile cha Likawage?"

"Una hakika si kipya?"

"Kipya kingekukata kidole, Mama Somoe. Na pale kilipovunjikia pangekuwa pananing'alia hapa. Hiki kingo zote zimelainika. Kimelala kwenye oili hiki, kimestarehe." Akapanda gari, tukaenda mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi, ameinamisha kichwa anasikiliza. Akasema kama uliona unga mweusi kwenye sumaku, huo ni wa kawaida kwa gari la umri huu, ni chuma kinajisaga taratibu. Oili mpya uliyoweka ni sahihi. Niende nayo muda mfupi, kisha niimwage tena kuangalia. Gari halitaki kufa sasa hivi. Siku yake ipo, kama ilivyo yetu sisi, na nitaijua kwa mlio.

Halafu akauliza, "Nani kakitoa?"

"Somoe."

"Kwa tundu lile la chini? Mimi nilishindwa." Akacheka. "Na huyo ndiye anayekwenda kusomea ng'ombe? Mwache abaki, Mama Somoe. Mlete hapa kwangu nimfundishe kazi."

Mlango ulikuwa wazi, Somoe. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, ananifungulia mwenyewe mlango niliokuwa nautafuta tangu Ijumaa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana, ana safari." Ndiyo mara ya kwanza nilisema kwa sauti kwamba unaondoka. Wiki zote hizi nilikuwa nasema "hiyo Jumatatu."

Nilirudi nikataka kukuambia jana. Nikakukuta unamenya muhogo. Ukaniuliza, "Gari linaendaje, Mama?" Unaona jinsi ulivyouliza, ukiangalia kisu? Nikajibu salama. Siku hiyo ilikuwa salama ya kweli, na bado ilitoka kama ile ya simu, kwa sababu ni neno moja na mdomo ni ule ule. Ndipo nilipojua kwamba itabidi niandike.

Sina mawaidha makubwa ya kukupa. Wewe umekwishanipita kwa mengi, hata hilo tundu la giaboksi limeshuhudia. Nakuomba kitu kimoja. Huko unakokwenda utapata siku mbaya. Utafeli mtihani, au utaumwa, au kuna mtu utampenda akuumize, na usiku nitapiga simu kuuliza hali. Najua utavuta pumzi, utatafuta ile sauti ya Alhamisi. Nikikuuliza ya kweli au ya simu, usicheke. Niambie. Presha yangu niachie mwenyewe, nina vidonge. Mtu asiyeambiwa hapumziki, mwanangu. Anabaki nje tu ya mlango, kama bibi yako alivyobaki.

Na ili usiseme nakudai nisichokitoa, nami nakupa yangu ya leo. Mimi si salama. Naogopa kupika kwa sufuria ndogo. Naogopa safari ya Kitomanga bila mtu wa kugombana naye juu ya redio. Naogopa siku ya kwanza nitakayosahau nikaita jina lako nikitaka tochi. Usiku wa kuamkia leo nilikuja mlangoni kwako nikasikiliza unavyokoroma, na wewe unasema hukoromi. Hiyo ndiyo hali yangu. Nakueleza uijue tu, wala si kwamba ubaki kwa ajili yake. Ni mizigo yangu, na nimezoea kubeba ya watu wa wilaya nzima.

Begi lako nimelifungua. Zile nguo ulizozirudisha kabatini kimya kimya, nimezirudisha begini kimya kimya. Barua hii nitaiweka juu kabisa, kwa kuwa nakujua, usiku utalifungua ulipunguze tena. Wale wazee wa Kivinje wamekuombea dua ya safari leo mchana kutwa, na wewe umeinamisha kichwa unaitikia amina huku ukijua huendi. Dua zao usiwarudishie mkononi. Kipande cha chuma nitakifunga kwenye pindo la kanga mpya, ile ya bluu iliyo chini ya sweta. Ni cha kwako zaidi kuliko cha gari.

Kesho tukishaswali alfajiri utaendesha wewe mpaka Nangurukuru. Kwenye miinuko ukiingiza gia ya pili, ishikilie kama kawaida yetu. Huko Iringa ukipewa gari la chuo, mkono uuondoe. Magari ya watu yanakaa kwenye gia yenyewe. Tukifika stendi, vuta breki ya mkono, zima injini, unipe funguo. Kurudi nitarudi mwenyewe, njia naijua na mlio naujua.

Ila usiharakishe kushuka. Siku ile ya Likawage nilikushika mguu mara moja tu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa na kazi. Kesho gari litakuwa limezimwa, mwanangu, na mikono yangu yote miwili itakuwa mitupu.

Mimi mama yako, ambaye leo hayuko salama sana, ila gari lake ni zima,

Mama Somoe